Utangulizi wa Papilojia: Ainisho la Mbao Zizungukazo Dirisha katika Nyumba za Zamani za Butembo na Beni

Ewe mwanafunzi, kaa wima, zima simu, fungua daftari. Somo la leo ni papilojia, yaani elimu ya papi: zile mbao nyembamba zinazopigiliwa kuzunguka dirisha ili kufunika mahali fremu inapokutana na ukuta. Wataalamu wa pwani wameandika mengi juu ya milango. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu ikafuata mwaka 2001, na milango ikasifiwa mpaka ikachoka. Wataalamu hao wote waliingia mlangoni, wakaketi, wakanywa kahawa. Dirisha lililowapa hewa hawakulitupia jicho. Dhuluma hiyo ya kitaaluma inakomeshwa leo, hapa Kivu Kaskazini.

1. Fasili za msingi

1.1. Fremu ni miimo miwili, kizingiti cha juu na kizingiti cha chini, vikiwa vimeshikamana kwa ulimi na tundu, au kwa misumari na matumaini.

1.2. Mwanya ni nafasi iliyobaki kati ya fremu na ukuta. Zingatia: mwanya si kosa la fundi. Mwanya ni sehemu ya uumbaji.

1.3. Upapi ni mbao inayoukana mwanya hadharani.

1.4. Mwenye nyumba ni kiumbe anayeuona mwanya baada ya kumaliza kulipa.

2. Chimbuko la mwanya

Ulimwengu unaelekea kuachana, na hakuna mahali jambo hilo linapodhihirika kama kwenye dirisha. Nyumba ya miti na udongo ikikauka, udongo husinyaa na kujitenga na fremu. Nyumba ya matofali ya kuchoma nayo haina la kujivunia: tofali lililokuwa karibu na moto wa tanuri halilingani na lililokaa pembeni, na ukuta unaozaliwa nayo huwa na mawimbi ambayo mwashi huyaita mstari.

Upande wa pili ni mbao. Andika hili kwa wino mwekundu: mbao inapokauka husinyaa katika upana wake, lakini urefu wake karibu haubadiliki. Kanuni hii naiita upanasinyao. Asiyeielewa asiguse randa.

Mbao za Butembo na Beni zina tabia mbili kuu. Kuna libuyu, iliyotoka msitu wa Ituri, ikapitia Mambasa na kuingia Beni kwa barabara ya taifa namba 4. Libuyu iliyokauka vizuri hutulia mahali ilipowekwa. Kuna pia karatusi, mtoto wa vilima vya Butembo na Lubero. Karatusi iliyopasuliwa leo na kupigiliwa kesho hujipinda kabla fundi hajavuka barabara, na ikijipinda huondoka na misumari yake.

Tuongeze jiografia. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Beni, kilomita zipatazo 54 kaskazini, imeshuka mita mia kadhaa na joto lake ni la kuvulia koti. Miji yote miwili iko kaskazini kidogo tu ya Ikweta. Mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini na kuchoma madirisha ya upande huo; Desemba huhamia kusini kuchoma yale mengine. Ulaya kuna madirisha yanayozaliwa na kuzeeka bila kupigwa jua la adhuhuri hata siku moja. Hapa kwetu kila upapi hupata zamu yake. Papilojia haikuzaliwa Butembo kwa bahati.

3. Ainisho la papi

Aina ya I: Upapi mshazari. Papi mbili hukutana kwenye kona, kila moja ikiwa imekatwa kwa nyuzi 45. Ndiyo aina inayopendwa na watu waliosoma, na ndiyo inayowaaibisha mapema. Kwa kanuni ya upanasinyao, upana ukipungua na urefu ukibaki, ile pembe ya 45 hugeuka ikawa nyingine. Kona hufunguka upande wa ndani, ulio karibu na kioo, huku ncha ya nje ikiwa bado imefumba. Mvua zikirudi na mbao ikavimba, hali hupinduka: ndani hufumba, nje hupanuka. Kwa hiyo mwanafunzi makini hahitaji kalenda. Kona iliyofunguka ndani humwambia kwamba mbao imekauka. Iliyofunguka nje humwambia aanue nguo.

Aina ya II: Upapi wa kichwa juu ya miguu. Papi mbili husimama wima, ya tatu hulala juu yake. Hakuna mshazari, hakuna hesabu ya pembe. Miguu ikisinyaa upana, kona haionyeshi kitu, kwa sababu hakuna pembe ya kusaliti. Aina hii ina jamii ndogo tatu ambazo ni haramu kuzichanganya:

(a) kichwa chenye masikio, kinachozidi miguu kwa sentimita moja au mbili kila upande;

(b) kichwa sawia, kinachoishia pale miguu inapoishia, na kinachohitaji fundi asiye na madeni yanayomtikisa mkono;

(c) kichwa pungufu, kilichokatwa kifupi kwa makosa na kuongezewa kipande cha urefu wa kidole.

Wapo wanaodai kwamba (c) si jamii bali ni uharibifu wa (b). Nawapinga. Kipande cha kidole kina chembe zake, rangi yake na msumari wake peke yake. Kitu chenye msumari wake peke yake ni jamii inayojitegemea.

Aina ya III: Upapi kiraka. Hapa mwanya haufunikwi, unalishwa. Mwembamba hulishwa vumbi la msumeno lililokorogwa na gundi nyeupe. Mpana hulishwa saruji. Mpana kupindukia hulishwa gazeti kwanza, kisha saruji. Kiraka cha vumbi la mbao hupokea vanishi kwa namna yake, hivyo hubaki na doa jeusi ambalo fundi husema litapotea. Halipotei.

Aina ya IV: Upapi dhahania. Mwenye nyumba hununua rangi ya mafuta na kuchora ukanda ukutani kuzunguka dirisha. Mbao hakuna, msumari hakuna, lakini mpita njia huona upapi. Swali linalowagawa wanapapilojia ni hili: je, ukanda huo ni upapi, au ni picha ya upapi? Wanamaada hujibu kwamba kisichoweza kuliwa na mchwa si upapi. Wanataswira hujibu kwamba kazi ya upapi ni kudanganya jicho, na rangi hudanganya kwa bei nafuu. Msimamo wangu ni wa kati na hauna dosari: ni upapi mchana, na usiku si upapi.

Aina ya V: Upapi mhamiaji. Ulizaliwa dirishani, sasa ni mguu wa kigoda, fremu ya picha ya harusi au mlango wa banda la kuku. Hutambulika kwa matundu ya misumari yasiyo na maelezo. Ukiuona usiucheke. Usimame, uandike.

4. Masuala mtambuka

4.1. Kivulisho. Fundi wa zamani hakuweka upapi sambamba na ukingo wa ndani wa fremu. Aliurudisha nyuma milimita tano hivi, akabakiza kidaraja chembamba. Kidaraja hicho hutupa kivuli, na ndani ya kivuli jicho halioni kama mistari miwili imepishana. Alikipimaje? Alishika penseli, akaegemeza kidole cha kati kwenye ukingo wa mbao, akakivuta kidole pamoja na penseli kutoka juu hadi chini. Mstari ukatoka umenyooka. Kifaa hicho hakiibiwi na hakiazimwi, na ndiyo sababu hakuna anayekiheshimu.

4.2. Msumari butu. Mtu wa kawaida hudhani msumari mkali ni bora. Kosa kubwa. Ncha kali ikiingia karibu na mwisho wa upapi hutenganisha nyuzi za mbao kama kabari, na upapi hupasuka. Fundi huugeuza msumari, huukalisha kichwa chini juu ya jiwe, huigonga ncha yake nyundo moja, kisha huupigilia. Ncha butu huzivunja nyuzi badala ya kuzisukuma kando, na mbao hubaki nzima. Hapa pana funzo la maadili, lakini liko nje ya mipaka ya papilojia, nami sitavuka.

4.3. Mfereji wa chozi. Chini ya kizingiti cha nje, mahali ambapo mtu huona tu akilala chali, fundi stadi huchonga kijimfereji kutoka pembe hadi pembe. Maji ya mvua hupenda kutambaa chini ya mbao na kurudi ukutani; yakifika mferejini hushindwa kuvuka, hudondoka. Nyumba isiyo na mfereji huu utaijua kwa michirizi myeusi chini ya kila dirisha.

5. Mgogoro wa shule mbili

Mapadre Waasumpsioni walifika nchi hii mwaka 1929, na katika karakana za misheni mita ya kukunja ikawa kitabu cha pili baada ya Katekisimu. Huko ndiko chimbuko la shule ya Wanamita: pima dirisha, andika namba, kata, pigilia. Mkabala wao wapo Wanamkao: usipime chochote, shika upapi pale utakapokaa, weka alama, kata kwenye alama.

Wanamita wana heshima, Wanamkao wana papi zinazotosha. Dirisha la nyumba ya zamani huwa na upande mmoja mrefu kuliko mwenzake, na namba iliyopimwa kushoto ni uongo ikitumika kulia. Nilipomwonyesha Mwanamita mmoja upapi wake ulioacha upenyo wa kupitisha sarafu, alinijibu kwa utulivu: “Mbao iko sawa, mzee, ukuta njo uko na kosa.” Jibu hilo limetumika tangu dirisha la kwanza, wala halijawahi kukanushwa.

6. Wajibu wa mwanafunzi

Leo madirisha ya chuma yanaingia kila mtaa. Yana nondo, yanazuia mwizi, hayajui upanasinyao wala hayaliwi na mchwa. Hayo ndiyo maovu yake. Kila moja linapowekwa, papi za libuyu za baba au babu hung’olewa kwa mtaimbo na kuingia jikoni kuivisha maharage.

Kwa hiyo mtihani wa mwisho ni wa vitendo. Tafuta nyumba inayobadilisha madirisha. Ingiza patasi nyuma ya upapi, pale penye msumari, na uweke kibao chembamba ukutani ili plasta isibomoke. Inua kidogo, hamia msumari unaofuata, inua kidogo tena. Usiwe na haraka na msumari wowote. Upapi ukitoka, ugeuze kifudifudi na uivute misumari kwa koleo kutokea nyuma, kichwa kikipenya ndani ya mbao. Kisha andika kwa penseli, upande usioonekana, ni dirisha lipi na upande upi.

Atakayevuta misumari kutokea mbele atabandua uso wa mbao. Huyo atapewa sifuri, na atarudia mwaka.