Jinsi ya Kuifanya Damu Yako Iwe Nzito

Wapo watu wanaotaka damu izunguke mwilini bila tabu. Mwongozo huu hauwahusu. Huu ni wa yule anayetaka moyo wake usukume uji mzito kwenye mrija mwembamba, usiku na mchana, bila likizo. Hatua ni tano tu, na karibu zote ni bure.

Hatua ya 1: Uyaogope maji. Unasafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza? Usiguse chupa ya maji, usije ukamsumbua dereva asimame watu wachimbe dawa. Zaidi ya nusu ya damu ni utegili, yaani sehemu yake ya majimaji, na zaidi ya asilimia 90 ya utegili huo ni maji. Hata ukiwa mzima kabisa, damu yako ni nzito, yaani ngumu kutiririka, mara 3 hadi 4 kuliko maji. Maji yakipungua, chembe hubanana na damu huzidi kuwa nzito.

Hatua ya 2: Ganda kitini. Basi likisimama, usishuke. Damu inayokwenda taratibu huongezeka uzito, kwa sababu chembe nyekundu hupata nafasi ya kushikana na kujipanga safu kwa safu. Ikienda kasi, safu hizo huvunjika. Misuli ya miguu ndiyo inayosaidia kuirudisha damu kwenye moyo, na misuli hiyo hufanya kazi unapotembea. Ukikaa saa nyingi bila kujinyoosha, donge la damu laweza kutokea mguuni, likang'oka na kwenda kuziba mshipa wa mapafu. Hapo mtu anaweza kufa ghafla.

Hatua ya 3: Washa sigara. Moshi wake una kaboni monoksaidi, ambayo hunyakua nafasi ya oksijeni katika chembe nyekundu. Mwili hujitetea kwa kutengeneza chembe zaidi, na damu ikazidi uzito. Wakati huohuo sigara huharibu kuta za mishipa na kuifanya iwe myembamba. Mfaransa Jean Poiseuille, daktari wa karne ya 19, alipima jinsi vimiminika vinavyopita katika mirija myembamba. Kwa kanuni yake, msukumo ukibaki uleule, uzito wa kimiminika ukizidi mara 2, mtiririko hupungua kwa nusu. Upana wa mrija ukipungua kwa nusu, mtiririko hushuka mara 16. Mvutaji hujipatia hasara zote mbili kwa pakiti moja.

Hatua ya 4: Jitibu bila kupima. Kila ukichoka, sema umepungukiwa damu, kisha nunua vidonge vya kuongeza damu. Ukweli ni kwamba damu ina kiwango chake. Kwa kawaida, chembe nyekundu huchukua takribani asilimia 40 hadi 50 ya damu ya mwanamume, na 36 hadi 46 ya mwanamke. Zikipungua mno, damu hupita kwa wepesi lakini hubeba oksijeni kidogo, na moyo hulazimika kwenda mbio. Zikizidi mno, kichwa huuma, kizunguzungu huja, na hatari ya damu kuganda hupanda. Kuna wagonjwa ambao tiba yao ni kutolewa damu, si kuongezewa. Bila kipimo, huwezi kujua uko upande gani.

Hatua ya 5: Uone selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, kuwa ni mambo ya familia za wengine. Hapa ndipo watoto wetu wanapoumia zaidi, na Tanzania ni miongoni mwa nchi wanakozaliwa watoto wengi wenye ugonjwa huu. Chembe nyekundu ya kawaida hujikunja na kupenya katika mishipa myembamba kuliko yenyewe. Chembe ya selimundu ikishaachia oksijeni hukakamaa, hupinda na kukwama. Ndiyo maana mtoto huyu anaweza kuwa na damu pungufu na bado damu yake ikashindwa kupita. Mifupa humuuma hadi akalia usiku kucha, kifua hubana, na wengine hupata kiharusi wakiwa bado wadogo. Wazazi wawili wanaobeba kila mmoja kinasaba kimoja cha selimundu, ingawa wao wenyewe ni wazima, kila ujauzito wao una uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa.

Sasa basi, ndugu msomaji, usifuate hata hatua moja kati ya hizi. Kunywa maji, isipokuwa daktari amekuwekea kiasi kwa sababu ya moyo au figo. Safarini, shuka ujinyooshe. Acha sigara. Pima damu kabla ya kumeza kidonge. Wachumba, pimeni selimundu kabla ya ndoa. Wazazi, ombeni mtoto apimwe mapema. Na aliye na selimundu anywe maji ya kutosha, akingwe na baridi, homa yake itibiwe mara moja, na daktari aulizwe kuhusu haidroksiurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu. Mtoto aliyegundulika mapema anaweza kusoma, kufanya kazi na kulea watoto wake mwenyewe.