Mazishi ya Mchungaji

Ukitaka kukijua Kiingereza cha Gusii, usihangaike kwenda chuo kikuu. Njoo Keroka, uketi kwenye saiba yangu Jumatano jioni, wakati watu wanakimbizana na mazishi ya Ijumaa. Jumamosi hazikwi mtu kwa urahisi huku; Waadventista ni wengi na Sabato ni Sabato. Keroka yenyewe imelalia mpaka, upande mmoja Kisii, upande wa pili Nyamira, na serikali za kaunti hizo zimewahi kuvutania nani atoze ushuru wa soko. Mimi sina ugomvi na yeyote. Wateja wangu hutoka Nyansiongo, hutoka Masimba, na wote huniletea karatasi zenye Kiingereza kile kile.

Kazi yangu ni kuchapa, si kusahihisha. Hilo wenye karatasi hunikumbusha kila mara: "Momura, wewe piga tu vile imeandikwa." Wapo wazee ambao Kiingereza chao walikipata kwa viboko, na kwa kile kidude cha mbao alichovishwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani shuleni. Mtu aliyelipia lugha kwa mgongo wake hawezi kuambiwa na kijana wa saiba kwamba hapa panataka koma.

Basi nachapa. Kamati moja ya mazishi iliniletea ratiba iliyopangwa vizuri: "Song of Choir. Speech of Chief. Sermon of Pastor." Halafu, saa saba na nusu mchana, "Burial of Pastor." Ukiisoma kwa Kiswahili, kila mstari umenyooka: wimbo wa kwaya, hotuba ya chifu, mahubiri ya mchungaji, kisha mazishi ya mchungaji, yaani yeye ndiye atakayezika. Hiyo "ya" yetu haichagui kazi. Humbeba anayetenda na anayetendwa, na msikilizaji akajijazia mwenyewe. Nilimnong'oneza katibu wa kamati kwamba kwa Kiingereza hapo mchungaji ndiye anayeingia kaburini. Akanijibu kwamba kila mtu anamjua aliyekufa, picha yake iko kwenye jalada. Siku yenyewe ikafika. Mchungaji alipewa nakala yake, akavaa miwani, akashuka na kidole mpaka saa saba na nusu. Nasikia mahubiri ya siku hiyo yalikuwa marefu kuliko ya siku nyingine zote.

Wasifu wa marehemu nao huandikwa kwa maneno ya kuazima kwenye matangazo ya vifo magazetini. Pale gazeti linasema "after a long illness bravely borne", yaani ugonjwa aliouvumilia kwa ujasiri, karatasi zinazonifikia huwa zimeshapoteza herufi ya mwisho. Ikibaki "born", ni ugonjwa mrefu uliozaliwa kwa ujasiri. Mzee mmoja hakuwa na shida na hilo. Kilichomkera ni "survived by". "Survived? Kwani ilikuwa ajali?" Nikamweleza kwamba ndivyo Waingereza wanavyowataja walioachwa na marehemu. Akaitazama orodha ya majina kwa muda mrefu. "Basi mtoe huyu ndugu yake wa pili," akasema. "Huyu hakuponea chochote. Wakati wote alikuwa Nakuru."

Toka nje ya saiba utazame vibao. Ile alama ndogo tuliyofundishwa kuiita ritifaa, inayokaa juu kidogo kati ya herufi, mchoraji wa vibao haulizi iende wapi. Akiona s mwishoni mwa neno la Kiingereza, anaitupia ritifaa kama mama mboga anavyomtupia mteja nyanya moja ya nyongeza. Ndiyo maana tuna "Tomatoe's", tuna "Chip's" na tuna "Egg's". Kibao hicho hicho, mstari wa chini, kimeandikwa "nyama ya ngombe", mahali ambapo ritifaa inahitajika kweli na haipo. Imeibwa kwa ng'ombe ikapewa nyanya. Na kuna lango la shule moja, sitaitaja, linalosema "Boy's High School". Kwa mpangilio huo wa alama, hiyo ni shule ya mvulana mmoja. Ana mabweni, ana basi, ana mwalimu mkuu na bodi nzima ya usimamizi, na mwisho wa mwaka bado anatoka nambari mbili darasani.

Kabla hujacheka sana, wenye lugha wenyewe wamechoka. Mwaka 2001, mwandishi wa habari mstaafu, John Richards, alianzisha Uingereza chama cha kuilinda ritifaa. Mwaka 2019, akiwa na miaka 96, alitangaza kukifunga, akisema ujinga na uvivu vimeshinda. Jiji la Birmingham lilikuwa limekwisha kuamua, mwaka 2009, kwamba alama za barabarani hazitakuwa na ritifaa tena. Ukikuta "Tomatoe's" sokoni Daraja Mbili, basi, jua tunatunza bure kitu ambacho Birmingham wamekitupa.

Kuna makosa, hata hivyo, ambayo yakishachekesha huleta bili. Mzazi mmoja aliniletea barua ya shule nimsomee: "Parents with fee balances will be sent home." Alinisikiliza mpaka mwisho, akaikunja. "Mimi niko nyumbani tayari," akasema, akaenda zake kuchuma majani chai. Mtoto ndiye aliyefukuzwa. Mwalimu alitaka kusema wanafunzi, akasema wazazi, na karo haikusogea hata shilingi.

Jirani yangu naye alikwenda kliniki kupimwa damu, tumbo tupu tangu jana yake kama alivyoagizwa. Daktari mgeni akamwuliza kwa Kiingereza, "You haven't eaten?" Akajibu, "Yes." Huku kwetu jibu hilo halina kasoro. Hujala? Ndiyo, sijala, tunamkubalia muulizaji alichosema. Mwingereza haangalii muulizaji amesema nini, anaangalia umekula au hujala, na "yes" kwake ni kwamba umekula. Jirani akarudishwa nyumbani na njaa yake, akaambiwa aje kesho, na kesho asile.

Lakini penye hatari hasa ni kwenye shamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.2 Kisii na zaidi ya laki 6 Nyamira, wote juu ya vilima ambavyo vimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka migomba ya huyu inawatia kivuli kuku wa yule. Ardhi ya upana wa mkono yaweza kuvunja undugu. Sasa akaja mama mmoja mjane, anauza kipande, pamoja na mnunuzi mwanamume na mzee wa kijiji awe shahidi. Makubaliano yao yalikuwa na sentensi hii: "He will give him the title after he finishes his balance."

Si Kiswahili wala Ekegusii chetu kinachouliza kama yeye ni mwanamume au mwanamke, na ndiyo maana "he" na "she" hututelezesha hata tukiwa na digrii. Nikamwuliza mama, "Wewe ni yupi hapa?" Akasema, "Mimi ndiye he wa kwanza." Mnunuzi akasema yeye ni "him", na ni "he" wa pili. "Na huyu 'his', salio ni la nani?" Wakatazamana. Mzee wa kijiji ndiye aliyeamua: "Huyo acha hapo. Tutaelezwa na korti ya ardhi kule Kisii."

Huo haukuwa mzaha mtupu. Katika jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai malipo ya saa za ziada kwa sababu orodha moja katika sheria ilikosa koma. Mahakama ya rufaa ilikubali mwaka 2017 kwamba sheria ile haieleweki vizuri bila koma hiyo, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Huo ni ukosefu wa koma moja tu, tena kati ya watu waliozaliwa na Kiingereza.

Kwa hiyo mimi makosa nayaweka mafungu mawili. Lile la "Tomatoe's" halijamnyima mtu nyanya, na anayelicheka ndiye huyo huyo anayesema "vitu mingi" kwa Kiswahili bila haya. Hilo lipitie. La pili ni lile linalogusa karo, tumbo au shamba. Hilo dawa yake si kumcheka mtu wala kumrudisha darasani. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi bega kwa bega na Kiingereza. Hakuna aliyeamuru makubaliano ya mjane na mnunuzi wake, mbele ya mzee wa kijiji, yaandikwe kwa lugha ambayo wote watatu wanaivuka kwa kupapasa. Wala marehemu aliyesema Ekegusii maisha yake yote hahitaji kuzikwa kwa Kiingereza.

Ukija na karatasi yenye pesa, dawa au ardhi ndani yake, iandike kwa lugha ambayo shahidi wako anaielewa. Ukipenda Kiingereza, nitachapa vile ulivyoandika, mchungaji azikwe. Bei ya ukurasa ni ile ile.