Hatari ya Neno Moja

Wapo mahasidi wanaoikejeli Uingereza kwa tukio la Brighton la Septemba 2005, ilhali mwenye insafu hana budi kuihimidi; kwani Walter Wolfgang, mzee wa miaka 82 aliyekimbilia nchi hiyo ujanani kuwakwepa Wanazi, alipomsikia Waziri Jack Straw akivitetea vita vya Iraq katika mkutano wa chama cha Labour, alipaza sauti akasema, "Upuuzi!", na neno, kama ajuavyo kila bingwa wa usalama, hufichika kinywani vyema kuliko bomu mfukoni. Alhamdulillahi, wasimamizi walimnyanyua kitini wakamtoa, na alipotaka kurejea, polisi wakamzuia kwa Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000. (Kesho yake chama kilimtaka radhi, udhaifu wa kusikitisha.)

Mwezi uliofuata alitiwa mbaroni binti aliyesimama London, jirani na Bunge, akisoma bila ya kibali majina ya askari wa Kiingereza waliofia Iraq. Na hapana dhuluma hapo, maana marehemu wale, ijapokuwa walipelekwa vitani kwa idhini kamili ya Bunge, hawakuwa na idhini ya kutajwa mlangoni pake.