Mshale Mtoa Fungu la Kumi

Katikati ya usukani wa pikipiki yangu, chini ya kioo kilichopasuka pembeni, kuna mshale mwekundu ambao umenidanganya kila siku kwa miaka mitatu, na sijasikia mtu hata mmoja akiusifu. Mafundi wanaucheka. Vijana wa bodaboda pale kijiweni wananishangaa kwa kuutazama tu. Ya kwao mingi ililala kwenye sifuri zamani na hawakuiwekea matanga. Basi acha niusifu mimi, ninayeishi nao.

Sifa yake kuu ni ukarimu. Sokoni kuna muuza dagaa ambaye akishajaza kopo lake hukuongezea fumba moja juu, akisema, "Nyongeza hiyo, mteja wangu." Na kuna yule mwingine anayelisawazisha kopo kwa kiganja mpaka dagaa wa juu wote warudi kwenye sinia lake. Mshale wangu ni wa ukoo wa yule wa kwanza. Nikienda 40, unanipa 48. Nikienda 50, unanipa 60. Haujawahi kunipunja, hata siku ya mvua.

Nasema hivi kwa sababu nimepima. Jumapili moja nilimpakia mpwa wangu, nikampa simu ahesabu sekunde, tukaishika barabara ya Dodoma kutoka Morogoro hadi nyumba zilipoisha na nguzo za kilomita zikabaki peke yake majanini. Hesabu yake haihitaji shule kubwa: unagawa 3,600 kwa sekunde ulizotumia kutoka nguzo moja hadi inayofuata. Sekunde 60 ni mwendo wa 60, sekunde 72 ni 50, sekunde 90 ni 40. Nikaupeleka mshale kwenye 60 na kuushikilia hapo, mwili mzima nimeukaza kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa mpaka ukingoni. Lori la mchele likatupita. Kosta ikatupita, abiria wakageuka kututazama. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa alitupungia mkono, nadhani kwa huruma.

"Mjomba, sabini na mbili."

"Umechelewa kubonyeza."

Tukarudia. Sabini na mbili. Tukageuza, tukapima tulikotoka, upepo ukiwa mgongoni. Sabini na moja, na safari hiyo alikiri kwamba alipiga chafya.

Sasa sikilizeni. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ile ya vipima mwendo vya magari na pikipiki, inakataza mshale kusoma chini ya mwendo halisi. Kuzidisha ni ruksa: chombo kinapopimwa ili kiidhinishwe, mshale unaweza kuzidisha sehemu ya kumi ya mwendo halisi, na kilomita 4 juu yake. Isomeni tena polepole. Sehemu ya kumi! Hilo ni fungu la kumi kabisa, kama linavyotolewa kanisani, na zile kilomita 4 ni sadaka ya shukrani, ile ya kapu la pili linalopita wakati watu wameshaanza kutafuta viatu vya watoto. Kwa waliozoea zaka ya 2.5 kwa mia, hesabu hii inatisha zaidi. Chombo kikienda 50, mshale mcha Mungu unaweza kufika 59 na dhamiri yake ikiwa safi. Wangu unafika 60. Ile 1 ya mwisho haidaiwi na kanuni yoyote. Mshale umeitoa mfukoni mwake. Nawajua wazee wa kanisa ambao hawajawahi kufika hapo.

Zipo na sifa nyingine. Una adabu: ndani yake sumaku huzunguka kwenye kikombe cha alumini bila kukigusa, kikombe kikavutwa kuifuata mpaka springi nyembamba kama unywele ikizuie. Hayo aliyabuni Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902, na bado sijaona bosi aliyejifunza kumsukuma mtu kwa staha namna hiyo. Ni mchangamfu, kwenye mashimo hucheza. Usiku hausemi uongo wowote, kwa kuwa balbu yake iliungua.

Chanzo cha ukarimu nilikijua Jumapili ileile. Kwa kilomita 10 za nguzo, tarakimu za mita zilisogea 12. Tarakimu hazina habari na sumaku wala springi. Zinasukumwa jino kwa jino kutoka gurudumu la mbele. Vyote viwili vikizidisha kwa kiwango kimoja, ujue kosa liko chini, kwenye gia ya spidi pale kwenye habu. Tairi langu la 2.75-17 huzunguka mara 550 na ushee kwa kilomita, lakini gia ile inahesabu kama vile imefungwa kwenye gurudumu kubwa zaidi. Nikamkumbuka fundi aliyeibadilisha siku waya wa spidi ulipokatika. "Hii OG, mkuu, inaingia yenyewe." Iliingia kwa nyundo.

Kwa hiyo kumbe nimekuwa nikiwatambia majirani kwamba lita 1 inanipeleka kilomita 60. Ni 50. Hilo nimelimeza. Lililonikwama ni la ofisini, ambako safari za kikazi tunalipwa kwa kilomita. Nilikwenda kwa mhasibu nikiwa nimenyooka kama mtu anayekwenda kutubu.

"Dada, kila kilomita 12 nilizokuandikia, 2 hazipo duniani."

Akaacha kikokotoo chake. "Mita inasomaje?"

"Kumi na mbili."

"Basi andika mita inavyosoma, kaka. Mkaguzi anataka picha ya mita. Hataki historia."

Nikiwa bado nimesimama pale nikakumbuka maneno hayo niliyasikia wapi. Niliyasikia chini ya mwembe, hatua chache kutoka kwenye kibao cha 50, wiki mbili kabla ya ile Jumapili. Na kusema kweli ndiyo yaliyonipeleka kwenye nguzo. Afande alitokea nyuma ya shina, tochi mkononi, akanionyesha kioo chake: 63. Nikamwambia mshale wangu ulikuwa kwenye 50. Akacheka sana. "Mshale wa pikipiki? Hiyo si inadanganya?" Alisema kweli, ila hakusema inadanganya kuelekea upande gani. Leo najua kwamba nilikuwa natembea 42 hivi. Nikamuuliza, kwa heshima zote, tochi hiyo ilikaguliwa lini.

"Unanifundisha kazi? Tochi ndiyo imesema."

Hapa naomba nisimamishe sifa kidogo. Pampu ya mafuta ina stika ya watu wa vipimo. Muuza nyanya akikutwa na mizani isiyo na muhuri, ana kesi. Mimi nimesimama juani, kofia ngumu mkononi, namwomba mtu mwenye mamlaka anitajie tarehe moja tu, ananitazama kana kwamba nimemtukania mama! Nikalipa 10,000, kiwango ambacho sisi wa pikipiki tulipunguziwa mwaka 2021 kutoka 30,000, nikashukuru, maana nilifundishwa kushukuru.

Sisemi afande ni mwongo. Mhasibu naye si mwongo; ni mwanamke mwema, hunikopesha. Ila wote wawili wamepata kibanda kizuri cha kujihifadhi, na kibanda chenyewe ni tarakimu. Tochi imesema. Mita imesema. Hata fundi, nilipomrudia, aliniambia gia ndiyo ilivyokuja. Ukiuliza wao wenyewe wanasemaje, utaambiwa wametoka kidogo, subiri hapo kwenye benchi.

Mshale wangu hauna benchi. Unanidanganya mchana, nyuma ya kioo, mbele ya macho yangu, kwa kiwango kilekile jana na leo, na yeyote mwenye mpwa na simu anaweza kuukagua bila kuandika barua.

Gia sahihi nimeipata kwenye duka moja la vipuri karibu na Msamvu, shilingi 8,000. Mwezi huu nimepita hapo mara tatu. Safari ya kikazi ya Dumila ni Alhamisi.