Mhadhara Elekezi: Namna ya Kuonekana na Akili Mbele ya Kamera

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ametuma udhuru. Waheshimiwa wa meza kuu. Wasanii chipukizi, wasanii waliokwisha kuchipua, na nyinyi wengine mliovutwa na harufu ya pilau: itifaki imezingatiwa.

Mshereheshaji amenitambulisha kuwa ni "mdau wa filamu". Mdau hata muuza karanga pale mlangoni! Mimi ni Mtaalamu Mwelekezi wa Akili Zionekanazo, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kuona vyuo vinachelewa. Elimu yangu niliianzia kibanda umiza, pale tulipotazamia filamu, nimekalia ndoo, mfasiri wetu Lufufu akitugeuzia kwa Kiswahili maneno ya stelingi, pamoja na mengine ambayo stelingi hakuyasema kabisa. Kutoka pale nimepanda hadi hapa mnaponiona, na mkinitazama vizuri mtakubali kwamba nina akili nyingi. Mmejuaje?

Ngojeni ninywe maji.

Naam. Mmeona? Sijasema kitu, na heshima yenu kwangu imeongezeka. Hiyo ndiyo nadharia yangu nzima, na ningeishia hapo kama nisingekuwa nalipwa kwa saa. Mtazamaji hana kipimo cha akili ya mwigizaji. Anachoona ni mtu aliyetulia, na utulivu ule anaujaza kwa mawazo yake mwenyewe, halafu anampigia makofi mwigizaji kwa kuwaza vizuri.

Msidhani natunga. Kule Urusi, mara baada ya Mapinduzi, mtengeneza filamu Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usio na furaha wala huzuni, akaiunganisha na picha ya sahani ya supu, kisha na ya marehemu jenezani, kisha na ya mtoto anayecheza. Mwanafunzi wake Pudovkin amesimulia kwamba watazamaji walisifu sana: mwigizaji kaitazama supu kwa mawazo mazito, kamsikitikia marehemu, kamtabasamia mtoto. Kumbe uso ni ule ule mmoja. Mtu hakufanya lolote, akasifiwa mara tatu. Nawafahamu wakurugenzi kadhaa waliotumia kanuni hiyo mpaka wakastaafu kwa heshima, lakini leo tumekuja kuzungumzia sanaa.

Sasa wapo wakosoaji, watoto wa juzi tu, wanaozibeza filamu zetu za Bongo. Wanasema mtu akiulizwa "Umekula?" huinuka kwenye sofa, huenda dirishani, hushika pazia, kinanda kinalia, ndipo anajibu "Bado." Wanadai chanzo chake ni biashara ya DVD: hadithi moja iliuzwa kama Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kwa hiyo ilibidi kila mtu atembee polepole ili sehemu ya pili ipate cha kuonyesha. Hilo la biashara silibishi. Lakini nani kawaambia kwamba biashara haiwezi kuzaa hekima? Mtu anayetafakari dakika nzima kama amekula au hajala ni mtu mzito huyo. Msimkimbize.

Kuhusu miwani: Harold Lloyd wa Marekani aliivaa tangu 1917 mpaka ikawa ndiyo sura yake, na haikuwa na vioo, maana vioo vingerudisha mwanga wa taa. Kazi ya miwani si kuona. Nimemaliza habari za miwani.

Ubao wenye hesabu nao unafaa, mradi hesabu aandike mtu mwingine. Katika tamthilia ya The Big Bang Theory, hesabu za ubaoni zilitoka kwa David Saltzberg, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Jim Parsons akasimama mbele ya ubao na dunia ikamwona bingwa wa fizikia. Safi kabisa, kila mtu na kazi yake. Aliyeniudhi ni mwenzake, Mayim Bialik, mwenye shahada ya uzamivu katika sayansi ya neva, aliyekuja kuigiza mwanasayansi wa neva. Huko ni kuingia na majibu kwenye chumba cha mtihani.

Na akili ya kweli, kwa taarifa yenu, haionekani hata ukiwa nayo. Mnamkumbuka yule bondia wa Kirusi kwenye Rocky IV ya 1985? Dolph Lundgren. Pale kibandani tulimhesabu kuwa ni misuli iliyovalishwa bukta. Bwana yule, Msweden, alikuwa na shahada ya uzamili ya uhandisi wa kemia kutoka Chuo Kikuu cha Sydney! Miaka yote ile ya darasani, na kwenye ndoo za mbele hakuna hata mmoja aliyeshuku. Mwigizaji Hedy Lamarr naye, Hollywood ilimtaka apendeze tu. Mwaka 1942, yeye na mwanamuziki George Antheil wakapata hataza ya mtambo wa kuongozea makombora ya majini kwa redio inayorukaruka masafa ili adui asiweze kuivuruga. Jeshi la Wanamaji la Marekani halikuutumia wakati wote wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mnaona? Hakuwa na miwani.

Sasa nifike kwa mtu anayeniharibia nadharia. Marehemu Amri Athumani, King Majuto, mtu wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018. Huyu kwa vigezo vyangu vyote amefeli. Hanyamazi. Anajibu swali kabla halijakwisha. Dirishani haendi, na akienda ni kuchungulia ya jirani. Lakini hebu fikirini: wachekeshaji wengi wa zama zake walilelewa kwenye kumbi za baa, enzi vikundi vya sanaa kama Muungano na TOT vikichanganya ngoma, taarabu, maigizo na vichekesho usiku mmoja, mtazamaji kakaa hatua chache tu mbele yako na bia yake mkononi. Hapo hakuna mhariri wa kukusaidia. Mjinga unayemwigiza lazima achelewe kuelewa kidogo tu kuliko mtazamaji. Ukizidisha, kicheko kimekufa, ukipunguza, hakijazaliwa. Na kesho unaipiga hesabu hiyo upya, maana watazamaji ni wengine. Ukimtazama Majuto akijifanya hajui, unamwona anajua kila kitu kilichomo chumbani, pamoja na wewe.

Katibu, hayo ya mwisho usiyaandike. Yalinitoka.

Kijana wa nyuma unayecheka, hapo hapakuwa na kichekesho.

Nahitimisha kwa matangazo. Semina ya vitendo ya kunyamaza mbele ya kamera itaanza Jumatatu saa tatu asubuhi, ada shilingi elfu hamsini, hairudishwi. Fremu tupu za miwani zinauzwa hapo nje. Pazia kila mshiriki aje na lake. Watayarishaji wanaotaka ushauri wangu wapange foleni upande wa kulia, wenye fedha taslimu watangulie. Maswali sipokei, kwa sababu mtu akishaulizwa swali hulazimika kujibu.