Barua kutoka Bukavu: Nyama Huhesabika, Mchuzi Hauhesabiki

Dada yangu mpendwa, na nyote wa Muheza, wakubwa kwa wadogo,

Mimi ni mzima, wifi yenu mzima, na watoto ni wazima kiasi cha kunijibu kwa Kifaransa kila ninapowagombeza, ili nisijue nimetukanwa au nimeombwa radhi. Habari za vita za upande huu mnazisikia redioni kabla yangu, na mkizisikia mnanipigia simu alfajiri, mkisahau kwamba saa ya hapa iko nyuma ya yenu. Basi leo sizigusi. Nina habari ambayo redio haitaitangaza: Jumapili iliyopita nimewapikia wakwe zangu bulete.

Bulete ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikafinyangwa madonge bapa, ikakaangwa, kisha ikazamishwa kwenye mchuzi mzito. Najua mjomba anasema hapo alipo, "Kumbe kababu!" Asije akalisema hilo mbele ya baba mkwe. Kababu unaila kavu, umesimama, unaongea na mtu. Bulete bila mchuzi hapa ni kama bwana harusi bila bibi harusi: amevaa vizuri, lakini hakuna shughuli. Ilikuja na Wabelgiji, enzi mji huu ukiitwa Costermansville, na baba yake baba mkwe alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kule La Botte, ile rasi ya majumba iliyoingia Ziwa Kivu. Uhuru ulipofika mwaka 1960 mzungu akaondoka, akaacha mashine ya chuma ya kusagia nyama, ile ya kubana kwa skrubu ukingoni mwa meza na kuzungushwa kwa mkono. Mashamba ya ukoo yaligawanywa bila kesi. Mashine haigawanyiki, haiuzwi, na ukiiazima baba mkwe anakuandika kwenye daftari.

Mtauliza kazi hii iliniangukiaje, mimi wakala wa mizigo, mtu wa kukimbizana na makontena yanayotoka bandari ya Dar es Salaam. Lawama ziende kwa marais. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, baba mkwe ameacha kuniita mgeni. "Mgeni anapikiwa," alitamka mbele ya ukoo mzima. "Mwanajumuiya anapika." Nami nilikuwa nimejigamba zamani kwamba kwetu wanaume ndio hupika pilau la harusi, tena kwa sufuria la kumtosha mtu kuogea. Mama mkwe aliona haya kwa niaba yangu. Majirani wote aliwaambia kwamba mkwe yuko jikoni "anasimamia".

Nyama nilinunua soko la Nyawera, kilo 2, nikasisitiza mnofu uwe na mafuta kidogo, kwa sababu nyama kavu ikisagwa hutoa donge la kumpigia mwizi. Muuza nyama akaipokea noti yangu ya dola, akaiinua juani, akaigeuza, akaipitishia kidole pembeni kama daktari, akakuta mpasuko ambao sisimizi asingeuona. Akanirudishia. Huku dola hutumika kila siku, lakini lazima iwe bikira. Faranga ya Kongo, kwa upande wake, inaweza kuwa imechakaa hadi picha imefutika na inanuka samaki wa juzi, ikapokelewa kwa heshima zote.

Sasa upishi, dada, maana najua utajaribu. Mkate wa jana unaulowesha kwenye maziwa, unaukamua, unauchanganya na nyama pamoja na yai, kitunguu kilichokatwakatwa vidogo, kitunguu saumu, chumvi, na kungumanga kidogo. Shemeji yangu mkubwa anaamini mkate ni ujanja wa kuongeza nyama. Sikatai kwamba unaongeza. Lakini nyama ikipata moto hujikaza na kusukuma maji yake nje, na mkate ndio unaoyadaka, bulete ikabaki laini. Ukishafinyanga, kaanga chache chache, kila moja na nafasi yake, na usiikandamize kwa mwiko. Zikishapata rangi, zitoe, na ule ukoko uliong'ang'ania kaangoni usiuguse kwa sabuni: huo ndio mama wa mchuzi. Humo humo unakaanga kitunguu, unanyunyiza kijiko cha unga wa ngano mpaka ugeuke kahawia, unamimina maji kidogo kidogo huku unakoroga, nyanya, chumvi, kisha bulete zinarudi kuoga polepole.

Polepole hiyo huku ni polepole kweli. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Yanachemka kwa kelele nyingi na joto pungufu. Mchuzi ambao Muheza ungeiva ukiimba wimbo mmoja, huku unamaliza misa. Na umeme ukakatika katikati. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa mjini, bwawa la kufua umeme liko hapo chini tangu mwisho wa miaka ya 1950, na giza nalo halijahama. Hakuna aliyeshtuka. Mtoto akaleta makala, ndio mkaa wa huku, jiko la mbabula likawashwa, sufuria likahamia uani, tukaendelea.

Uani ndiko ulikozuka mgogoro wa mchuzi. Shemeji mkubwa alitaka mawese, maana chakula kisicho chekundu hakimshibishi. Mke wangu alitaka mchuzi wa kahawia, wa kiurithi. Mdogo wake akaja na chupa kubwa ya Primus, akidai Wabelgiji hupikia bia. Baba mkwe akamjibu kwamba Wabelgiji walifanya mambo mengi humu, si yote ya kuigwa, akaichukua chupa kuilinda, na akailinda mpaka ikaisha.

Tukaamua kumwuliza mtaalamu. Tuna shemeji anayeishi Liège, Ubelgiji, ambako bulete ni fahari ya mji. Akatuma ujumbe wa sauti mrefu kuliko mahubiri. Kule, alisema, mchuzi unatiwa siki na shira nyeusi ya matofaa na mapeasi yaliyochemshwa hadi yakaganda, na umepewa jina la Bibi Géraldine Lapin, mke wa mtoza kodi. Mtoza kodi, dada! Hebu nitajie mtoza kodi wa Muheza ambaye mke wake anakumbukwa kwa mema. Tena kuna chama, Confrérie du Gay Boulet, cha watu wazima wanaovaa majoho, wanaozunguka migahawani kuonja bulete na kumtunuku mshindi tuzo iitwayo bulete ya kioo. Baba mkwe alisikiliza hadi mwisho, akatua glasi. "Na hawa," aliuliza, "ndio waliotutawala?"

Mchuzi ukabaki wa kahawia. Wakati unaiva tukapoza njaa kwa sambaza, dagaa wa huku, wa kukaanga. Nao wana kwao: waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wamezaana, wamekubalika, na hakuna anayewaambia wapike. Nawaonea wivu.

Sasa sikiliza hesabu. Bulete zilitoka 24. Waalikwa tulikuwa 11. Kila mtu 2, jumla 22, na 2 za ziada za baba mkwe, kwa ajili ya mashine. Nilikuwa nimeipanga hivyo kama mtu anayepakia kontena. Saa ya chakula ikafika pamoja na wanakwaya waliokuwa wakirudi mazoezini. Nyuma yao katekista. Nyuma yake binamu kutoka Walungu, wamebeba kuku hai na ndizi. Kisha jirani aliyekuja kuomba moto akaombwa akae. Tukawa 31, bila watoto, kwa kuwa watoto wa huku hawatulii wahesabike.

Nikaanza kukokotoa. Nusu nusu? Wazee nzima, vijana robo? Mama mkwe, aliyekuwa kimya tangu asubuhi kwa aibu ya kunisitiri, akainuka, akafunua sufuria, akachukua mwiko, akazivunjavunja bulete zote 24 ndani ya mchuzi. Akaongeza maji, nyanya, chumvi, akakoroga. "Bote bakule," alisema.

Na wote wakala. Bugali ukakatwa, sombe, kisamvu cha huku, ikapita, sufuria likazunguka, na hakuna aliyejua nani kapata kiasi gani, kwa hiyo hakuna aliyepunjwa. Donge la nyama lina mipaka. Ukiliona kwenye sahani ya mwenzako unajua lako liko wapi. Mchuzi hauna ushahidi. Miaka yote hii nilidhani wakwe zangu hawajui kuhesabu wageni. Kumbe wanajua, ila wamechagua chakula cha kuwapokea. Mimi nilikuwa nagawanya. Mama mkwe alikuwa anapokea.

Shemeji wa Liège akapiga simu ya video, akataka kuona bulete za mviringo. Tukamwonyesha sufuria. Lilikuwa tupu. Akanyamaza, kisha akauliza kama katekista alikuwepo.

Sasa maombi yangu. Nitumieni pilipili manga na mdalasini. Mjomba, zile dola za mchango wa ubatizo uziweke kitabuni zinyooke. Ukizikunja umemchangia muuza karanga wa huko huko. Na mnaokusudia kuja Desemba, niambieni idadi kamili. Nitaizidisha mara 3, kisha nimwachie mama mkwe mwiko.

Ndugu yenu, mkwe wa watu,
Bukavu