Pointi za Mbagala

Wajuzi wa fedha wanashauri: lipia kila kitu kwa kadi ya mkopo, kusanya pointi, kisha upande ndege bure. Shauri zuri, ila muuza nyanya wa Tandika hana mashine ya kadi, na mama ntilie wa Mwananyamala hana hati ya mshahara ya kuombea hiyo kadi. Wakenya angalau wana Bonga Points za Safaricom tangu 2007. Wanapiga simu, pointi zinaingia. Sisi wa Mbagala Rangi Tatu tungepewa pointi kwa kila "sogea nyuma, gari tupu hili" ya konda wa daladala, saa hizi tungekuwa angani kwenda Dubai, daraja la kwanza, tukimgongea rubani bodi: "Kwa Aziz Ally, shusha!"